Pazia la Leso la Mansur

Si kweli kwamba marehemu Mansur Boga wa Magogoni alifuga majini. Wanaoyasema hayo wamekula pilau nyumbani kwake, nao wanajua hakufuga hata paka.

Alichokuwa nacho ni watoto. Ndiye wa kwanza mtaani kuwatungia michezo ya kuigiza, wakati wazazi wengi waliuona uigizaji ni upuuzi. Mkewe, Raihana, binti wa nyumba ya watu na mwenye elimu yake, alitoa leso zake za harusi. Akaziunga zikawa pazia, likatundikwa uani kati ya miti miwili ya mkilifi.

Mansur alikuwa na kawaida yake. Kabla ya mchezo alisimama nyuma ya pazia akamwita kila mtoto kwa jina, na mtoto akaitika mbele za watu kwa sauti kamili. Aliyeweza kumwitikia asiyemwona, alisema, hataogopa umati anaouona.

Mamake, Bi Mwanatabu, alivuka kutoka Likoni kuja kumkanya.

"Mwanangu, asiyeonekana haitikiwi. Hilo hata wadogo wanalijua."

"Mama, si miguu yangu hiyo yaonekana chini ya pazia?"

"Na siku isipoonekana?"

Mansur akacheka. Majirani waliosikia hawakucheka, na uvumi ulianzia hapo.

Alipofariki, Raihana alikaa eda. Alipotoka, akaamua mchezo wa mwisho wa mumewe uchezwe, watu waone kwamba palikuwa hapana lolote ila kazi. Majina angeyaita Hussam, mwanafunzi wa zamani wa Mansur.

Ilikuwa baada ya alasiri, jua lingali kali, ua umejaa. Sauti ikaanza nyuma ya pazia.

"Sabah."

"Abee."

"Jafar."

"Labeka."

Raihana akaridhika. Hussam ameiga hata kile kikohozi kidogo cha mwalimu wake. Kisha akasikia mtu akihema ubavuni pake. Ni Hussam, ufunguo wa pikipiki mkononi, ndio kwanza anafika kutoka Bombolulu.

"Bi Raihana, kazi yangu mmempa nani?"

Raihana akatazama chini ya pazia. Mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio wa asubuhi, haujakanyagwa. Watoto waliendelea kuitika mmoja mmoja, bila hofu, kama walivyofundishwa.

Walipokwisha, sauti ikakohoa, ikaita jina ambalo Mansur alimwitia mkewe chumbani tu. Watu wakageuka huku na huku kutazama nani ataitika. Raihana akiitika, amewapa wasengenyaji ushahidi. Asipoitika, amemwacha mumewe bila jibu.

Mchezo ulichezwa hadi mwisho, wala hakuna mtoto aliyesahau neno. Kama Raihana aliitika kimoyomoyo au hakuitika, hilo ni baina yake na mumewe. Hasemi, wala asiulizwe tena.