Siku Waliponishusha Rasini

Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa, na mpaka naolewa maji makubwa niliyoyajua ni ya Ruaha Mdogo, tena ya kuvuka kwa kukunja nguo. Mume wangu akanitoa huko akanipeleka kwao, kando ya Ziwa Nyasa, ambako milima inaingia majini bila kuacha hata pa kutandika mkeka. Kisha yeye akaenda kuchimba dhahabu Makongolosi, Chunya, mimi akaniacha na mama yake. Miaka ile ya hamsini wanaume wengi walifanya hivyo, kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa lingine, nitalisema.

Majina siandiki. Wajukuu wao wapo na hawajanikosea kitu. Lakini waliofanya nawataja: ni mama mkwe wangu na mdogo wa mume wangu, shemeji yangu. Hao wawili. Huko Mbeya kuna watu wameambiwa kwamba ulikuwa ni upepo. Upepo haushushi mtu kwenye mtumbwi.

Kati ya kijiji chetu na soko la Matema palikuwa na rasi. Hakuna aliyeishi pale wala kulima pale. Ncha yake ni mawe meusi, ila vinyesi vya minandi vimeyafanya meupe kama yamepigwa chokaa. Ndege hao hukaa wamekunjua mabawa, weusi, kimya, na kila tulipopita niliwaona kama watu wanaongoja maiti itolewe ndani. Juu yao kuna mikuyu iliyong'ang'ania mwamba kwa mizizi, halafu mapango ya pimbi, halafu msitu. Maji ya chini yake ni ya buluu inayokaribia weusi, pondo la kusukumia mtumbwi halifiki chini. Mchanga upo mahali pamoja tu, kijito kinapoanguka, na hapo ndipo mamba huota jua. Mimi tukipita pale nilikuwa nafumba macho. Mama mkwe alikuwa akinicheka.

Kazi ya wanawake wa ufuko ule ni kufinyanga. Vyungu vinachomwa mchangani kwa nyasi na magome, kisha vinapangwa mtumbwini, katikati yake nyasi kavu ili visigongane. Na sharti ni moja, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenifundisha: chungu hakipandi mtumbwini mpaka umelaza shavu lako juu yake na likakaa bila kuungua. Mkono haukubaliwi, maana mkono wa mfinyanzi umeshazoea moto.

Msimu ule mvua ilichelewesha kazi. Wenzetu wakatutangulia sokoni, na yeye hakutaka kukuta wanunuzi wameshaondoka. Tukachoma alfajiri. Jua lilipotoka tu akasema tupakie. Sikumwona akilaza shavu. Alipapasa kwa kiganja, akasema, "Vimepoa hivi."

"Mama, hiki cha chini bado," nikamwambia.

"Kwenu Iringa mnafinyanga?"

Nikamfunga mtoto mgongoni, binti yangu wa kwanza, alikuwa bado hajaota jino, nikaingia.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa na kungu. Ni wadudu wadogo wanaotoka majini kwa wingi hata ukiwa mbali unaona nguzo za moshi zimesimama ziwani. Wenyeji huwakamata wakawakanda mikate. Basi tulipoikaribia rasi, upepo wa mwera unatusukuma kutoka nyuma, nikasikia harufu. Nikageuka. Nyuma ya shemeji, kwenye vyungu, palikuwa na moshi mwembamba.

"Shemeji, moshi."

Hakugeuka hata kichwa. "Ni kungu hao, shemeji. Wamejaa leo."

"Kungu gani wananuka nyasi?"

"Huyu Mhehe bwana! Mwaka mzima hapa, bado kungu anawaita moshi."

Mama mkwe akacheka naye. "Kaa chini wewe, utatumwaga."

Wakaendelea kucheka mpaka moto ulipomshtua shemeji kwa kumuunguza kiuno. Hapo hakuna aliyesema kungu. Akapiga makasia kuelekea ufuko uliokuwa karibu, nao ulikuwa ni rasi. Tukagonga mwamba, minandi wakaruka wote kwa pamoja, mimi nikarukia juu ya jiwe na mtoto mgongoni. Walizima ule moto kwa kumwaga maji. Vyungu vichache vilipasuka, sauti kama bunduki. Vingi vilipona. Lakini ubao wa nyuma ulikuwa umeungua na kufanya ufa, na maji yanaingia.

Shemeji akatazama ufa, akatazama vyungu, akanitazama mimi.

"Hautubebi wote," akasema.

Nikasubiri waanze kushusha vyungu. Nilikuwa hata nimenyoosha mikono nivipokee.

Mama mkwe akasema, "Vyungu havina miguu. Yeye anayo."

Nilifikiri ni utani. Alikuwa mtu wa utani.

"Mama, hapa kuna mamba. Kuna chui."

"Mkamwana, si ninyi mnaosema mmezaliwa milimani? Mlima ndio huo. Pita juu, utatokea Matema jua bado lipo."

"Basi mchukueni mtoto."

"Mimi nachota maji yasituzamishe. Nitamshika kwa mkono gani?"

Nikamtazama shemeji. Alikuwa kijana wa rika langu, tulikuwa tunataniana vizuri, ananiita mke wake kama mashemeji wanavyofanya. Akasukuma mtumbwi kwa kasia. Alisema neno moja tu, "Usipite mchangani," na hakunitazama alipolisema.

Niliwaita mpaka wakazunguka ncha. Halafu nikaacha, maana niliogopa wengine wanaonisikia.

Kutoka pale kulikuwa na njia mbili. Ya chini ni mchanga, na mchangani alikuwepo mamba mmoja amelala mdomo wazi, na mwingine nilidhani ni gogo mpaka lilipoingia majini polepole. Ya juu ni kijia cha wanyama. Nikashika cha juu, kwa mikono na magoti, mtoto ananilemea nyuma. Pimbi walikuwa wakitoa vichwa mapangoni, wananitazama, wanarudi ndani. Kenge mkubwa alipita mbele ya vidole vyangu mkia unaburuzika. Nilikojoa palepale, siogopi kuandika.

Kwenye mikuyu nikakuta nyani. Nilishasikia kwamba nyani hamwogopi mwanamke, na ni kweli. Majike yalisogea pembeni, lakini dume lilikaa katikati ya njia. Likapiga mwayo, nikaona meno yake marefu kuliko vidole vyangu. Mtoto akalia. Lile dume likaacha kunitazama mimi, likawa linatazama mgongo wangu. Nikamhamishia mtoto kifuani, nikampa ziwa anyamaze, nikamfunika kichwa na kila kitu kwa kaniki. Maziwa hayakutoka. Yalikuwa yamekauka kwa hofu, naye akavuta, akalia tena, nikambana zaidi.

Ghafla nyani mmoja juu mtini akabweka. Wote wakapanda miti mara moja, hata lile dume, wanabweka wakitazama bondeni, pale nilipotoka. Nikajua hawanikimbii mimi. Sikumwona chui. Niliona majani yakigawanyika mahali ambapo upepo haufiki, yakasimama, yakagawanyika tena karibu zaidi. Basi nikapita chini ya miti ya nyani, nyani niliokuwa nawaogopa, nikapanda bila kugeuka, nimembana mtoto kwa mikono yote miwili, magoti yanachanika kwenye mawe.

Nilipofika mgongoni mwa rasi nikaiona Matema. Niliona mtumbwi wetu umevutwa mchangani, vyungu vimepangwa safu, na watu wadogo wadogo wamevizunguka. Walikuwa wamefika zamani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama mlimani.

Na hapo ndipo nikagundua kwamba mtoto halii.

Sikumfunua. Mwenye mtoto atanielewa. Kama nimembana mpaka akaisha, sikutaka kulijua jambo hilo nikiwa peke yangu kule juu. Niliteremka nikimwimbia, nikimtikisa, najifanya amelala. Hakusogea njia nzima.

Sokoni mama mkwe alikuwa anapatana bei na mteja. Akaniona, akasema, "Umefika. Haya kaa hapa uangalie vyungu, nikanywe uji."

Sikukaa. Nilisimama tu nimelishika fundo la kaniki. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi, nisiyemjua, akainuka akanijia. "Dada, una nini hapo? Hebu." Akaifungua mikono yangu kidole kwa kidole, akafunua. Mtoto alikuwa amelowa jasho, midomo imebadilika rangi. Yule mama akampulizia usoni, akampiga nyayo, akampulizia tena. Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, kilio chembamba, nami nikaanguka kwenye ndizi za watu.

"Si mzima huyo?" mama mkwe akasema nyuma yangu. "Sasa unalilia nini?"

Nililala kwa yule muuza ndizi. Sikurudi kule kijijini hata kuchukua sufuria zangu. Nikapanda kwa miguu mpaka Tukuyu, nikapata lori la Mbeya, kisha la Chunya, nikamkuta mume wangu machimboni. Nikamsimulia kama nilivyosimulia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na mtoto mapajani.

"Umetia chumvi," akasema. "Mama yangu hawezi."

Nikamchukua mtoto mapajani mwake, nikamwambia aliweza, nikatafuta lori la Iringa.