Meza ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani wetu wa Mbagala amefunga sola. Juzi umeme ulikatika, yeye akaendelea kushona. Uliporudi, watoto mtaa mzima wakapiga kelele, "Umerudiii!" Fundi naye akaruka, akapiga makofi kuwashinda wote.

Nikamuuliza, "Mama, wewe si una sola? Unashangilia nini?"

Akanionyesha kwa kidevu meza ya kukatia vitambaa, imejaa simu za majirani zinachaji. "Sasa waje wachukue simu zao, nikate gauni la watu!"

Tukasubiri. Akaja jirani mmoja tu, akachungulia mlangoni. "Dada, ya kwangu iache kwanza. Huo umeme mgeni, hata viatu haujavua."

Fundi akanigeukia mie. Nikatazama pembeni. Simu yangu ilikuwa pale pale mezani, haijafika hata nusu.