Baiskeli ya Kazi Zote ya Filemoni

Filemoni hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusia habari za baiskeli ungejuta. Angekushika mkono, mchuchumae kando ya njia, akueleze tofauti ya spoki nene na spoki nyembamba mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Kijijini walimwita Filemoni Vyuma. Walidhani ni uwendawazimu wa kawaida wa wanaume, maana wengine hupenda bao na wengine pombe ya ndizi. Mimi nasema mtu yule hakuwa mwendawazimu hata kidogo. Alikuwa anaogopa.

Mwaka wa sabini na nne walihamishwa kutoka bondeni, kila kaya na mlango wake kichwani, wakapangwa kwa mistari miwili juu ya milima, njia ya Manyovu. Waliambiwa vitakuja shule, maji na zahanati. Shule ilitangulia. Mimba ya Verediana, mke wa Filemoni, haikungoja zamu ya zahanati. Siku uchungu ulipomshika, wanaume walikuwa wametawanyika kwenye shamba la kijiji, na machela inataka mabega ya watu sita. Mpaka wakusanywe, mpaka wapokezane maili tisa za kupanda na kushuka hadi zahanati ya karibu, mtoto alizaliwa njiani akiwa amekwisha kufa.

Filemoni hakulia mbele za watu. Alisema tu, "Mara nyingine sitangoja mabega ya mtu."

Lakini baiskeli mpya utaipata wapi miaka ile? Dukani mlikuwa na majembe na viberiti, basi. Kilichobaki ni kuiunda, kipande kwa kipande, na fundi wa kuiunda alikuwa Ujiji. Huyo ni Mzee Sumaili, Mmanyema wa Kasingirima, ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo. Kazi yake aliifanyia bandani, uani, fremu zimening'inia darini pamoja na mikungu ya ndizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unataka baiskeli ya nini?"

"Ya kazi zote, Mzee. Ibebe maharage ikishuka na dagaa ikipanda. Ipite mchanga wa huku na mawe ya kwetu. Na... na ibebe mtu asiyetakiwa kutikiswa."

Mzee Sumaili aliweka spana chini. "Mkeo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi usinitajie maharage tena. Ikimfaa yeye itayafaa hayo maharage."

Akateremsha fremu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyehama, ya kijani, nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Moyo wa Filemoni ulikwenda hapo hapo. Mzee akaigonga kwa spana, akasikiliza, akasema ile ni ya kwendea kanisani. Ya pili ilikuwa ya kike, imepinda katikati, na ukiweka mzigo mzito nyuma inajinyonga. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, ya mabomba mawili juu, yenye kovu la kuchomelewa shingoni, mbaya kwa sura hata mwizi angeifikiria mara mbili. Safari tatu nzima Filemoni alizunguka kati ya ile ya kijani na ile nyeusi, akipapasa, akirudi nyuma, akichungulia.

"Mchagua jembe si mkulima," Mzee Sumaili alimwambia mwishoni. "Wewe umekuja kulima au kuposa?"

Akachukua nyeusi.

Kwenye tairi ugomvi uligeuka, safari hii mwenye hoja alikuwa Filemoni. Mzee alitaka matairi mawili ya aina moja, kama baiskeli za watu. Filemoni akang'ang'ania nyuma liwe nene lenye vipele vya kushika mawe, na mbele liwe jembamba kidogo, usukani usiwe mzito kwenye kona za mlimani. Mzee Sumaili, ambaye hakupenda kufundishwa kazi yake, alinuna siku mbili kisha akakubali kwa kukohoa. Nyuma zikafungwa spoki arobaini, zote nene. Breki zikawa za fimbo za chuma, kwa sababu waya ukikatika milimani utaungwa na nini? Keria ilifuliwa na mhunzi wa nyumbani, pana kama kigoda, na Verediana mwenyewe aliikalia ili ipimwe. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Niwekee pa kukanyagia," alisema. "Miguu ikining'inia nitaanguka."

Pakawekwa.

Kikabaki kitu kimoja, grisi ya friwili. Friwili ni kile kigurudumu cha meno cha nyuma kinachoshika mnyororo. Ndani yake mna vijino vidogo vinavyoinuka na kulala, ndivyo vinavyolia tik tik tik baiskeli ikiteremka yenyewe. Vijino vikiinuka, pedali inasukuma gurudumu. Vikilala, unakanyaga hewa.

"Grisi yangu imekwisha," alisema Mzee Sumaili. "Pita bandarini Kigoma, uwaombe mafundi wa meli. Na humu usitie kitu kingine."

Filemoni alipita bandarini, fundi aliyemhitaji hakuwapo, na mtu wa Kigoma usimwambie kuna jambo mawese hayaliwezi. Kwa mawese watu hupikia, hupaka ngozi, hulainisha koo la mgonjwa. Verediana alikamua mawese tangu usichana. Filemoni akajaza friwili mawese mekundu, kwa jua la ziwani yakaingia yote, na gurudumu likazunguka bila hata sauti. Alijisifu njia nzima. Nyumbani aliilaza baiskeli ndani, karibu na moto, utadhani mbuzi anayeumwa, na kwa muda wa wiki saba haikumpa tatizo lolote.

Ikafika Julai, mwezi ambao kule juu hata jogoo huwika kwa uvivu kwa sababu ya baridi. Uchungu ulianza usiku wa manane. Mama Rozalia, jirani yao aliyezoea kuzalisha, aliingia, akatazama, akamfukuza Filemoni nje pamoja na baiskeli yake.

"Mtoto amekaa vibaya," alimwambia baadaye mlangoni. "Huyu wa zahanati. Kukipambazuka tu, mpeleke."

Filemoni aliisimamisha baiskeli uani, akafunga mto kwenye keria, akakagua breki mara kumi, umande ukimdondokea. Kulipopambazuka walimpandisha Verediana. Filemoni akakanyaga pedali. Mguu ukaenda chini bila kushika kitu. Akakanyaga tena. Pedali zikazunguka, mnyororo ukazunguka, gurudumu limetulia tuli.

Jasho lilimtoka katika baridi ile. Mwaka mzima wa kuchagua, na sasa hivi! Alizungusha pedali kwa mikono, akaipiga friwili teke, akatamka kwamba kuna mtu amemroga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hakuona ung'ongo, alimwona nyoka yule yule. Angeisukuma kwa mkono, ndiyo, lakini maili tisa za kusukuma ni machela nyingine tu. Akaanza kupiga kelele aitiwe watu sita.

"Filemoni," Verediana alisema kutoka kwenye keria, akiwa ameuma meno. "Uliweka nini humo?"

"Humo wapi?"

"Kwenye hicho kigurudumu. Naona kitu cha njano kimeganda."

Filemoni akainama kuchungulia. "Mawese."

Verediana aliinamisha kichwa. Filemoni akadhani uchungu umemzidi, kumbe alikuwa anacheka, anacheka na kulia kwa pamoja. "Yemwe, mwanamume huyu! Mawese ya asubuhi huku kwetu si tunayakata kwa kisu? Mama Rozalia, lete maji ya moto!"

Yalikuwapo, birika zima, yaliyochemshwa kwa kazi nyingine. Filemoni aliyamimina taratibu juu ya friwili huku akiizungusha. Mafuta yalilainika, yakachuruzika mekundu hadi kwenye vumbi. Kwanza kimya. Halafu, ndani, tik. Tik tik. Akakanyaga, na gurudumu likavuta kwa nguvu mpaka Mama Rozalia akaruka pembeni.

Jinsi moyo wake ulivyoshuka mahali pake, hata yeye hakuweza kusimulia vizuri. Alisema tu kwamba miguu ilikuwa myepesi. Kwenye mawe, tairi la nyuma lilishika. Kwenye kona, usukani ulimsikiliza. Kwenye mteremko mrefu breki za fimbo zilinung'unika lakini zilishika, na Verediana, mikono imemzunguka kiunoni, hakuanguka. Alimkaba tu, kila uchungu ulipokuja, mpaka mbavu zikamwuma wiki nzima. Jua lilipoanza kupasha moto mabati ya zahanati walikuwa wamefika.

Filemoni alikaa kwenye ngazi. Alisubiri, akasimama, akakaa. Kabla ya saa sita alisikia kilio, kikali, cha mtu aliyekasirika kwelikweli, akajua kwamba mtu anayelia hivyo hafi leo.

Nesi alitokeza kichwa mlangoni. "Mtoto wa kike. Mama hajambo. Nguo ya mtoto iko wapi?"

Filemoni alimtazama. Kwa mwaka mzima alikuwa amechagua fremu, rimu, spoki, tairi na mahali pa kuweka miguu, wala si yeye wala Verediana aliyethubutu kununua hata kipande cha kitambaa. Hawakuwahi kulizungumza. Kila mmoja alikuwa amengoja mwenzake athubutu kwanza.

"Baba, nguo," nesi alirudia.

Filemoni alivua shati lake, akalikung'uta, akampa. Kisha akabaki kifua wazi kwenye ubaridi wa Julai, akicheka peke yake, watu kwenye foleni wakimtazama, naye hakuona haya hata kidogo.