Steki Niliyoikatakata

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu, kabla sijakumbuka sura ya mtu yeyote. Ni harufu ya nyama kwenye chuma cha moto, ndani ya nyumba ya baba yangu huko Bashay. Imenirudia tangu tulipomzika jirani yetu Mama Safari wiki hii.

Enzi zile nilifanya kazi za ndani kwa mtaalamu mmoja wa mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare za Hanang. Mke wake alinifundisha kukaanga steki. Nyama unaifuta mpaka ikauke, unaitia chumvi, na kikaango kinakuwa cha moto hadi mafuta yaanze kufuka. Ukishaiweka, usiiguse. Ikifika wakati wa kugeuzwa huachia chuma yenyewe. Ukiivuta mapema inachanika. Ikitoka motoni, iache itulie kabla ya kuikata.

Baba alikuwa mgonjwa na chakula kilikuwa kimemshinda. Mama alishatangulia. Mimi nilifika nyumbani mara moja moja tu. Siku nyingine zote Mama Safari, mjane wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyemletea uji na kumwashia moto. Kweli, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, hata kama huyo ndugu ni binti yako.

Mke wa yule mtaalamu akanipa kipande kinene cha fileti, nyama laini ya mgongoni, na kikaango chake cha zamani. Nilipanda lori la ngano nimevipakata kama mtoto mchanga. Moyoni nilisema, akila hii atasimama.

Nikapika nimefunga mlango. Kwetu nyama ikinukia mlango huwa wazi, nami nililijua hilo; ndiyo maana niliufunga. Lakini harufu haizuiwi na komeo.

"Hodi! Leo mmenifungia nje kama mtu wa kodi?" Nikafungua; alikuwa Mama Safari, na kibuyu cha uji mkononi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Akaiona nyama sahanini, na wekundu uliotokea nilipoikata. "Hee, binti! Huyu ng'ombe ukimpigia mluzi anarudi malishoni."

Baba alitabasamu. Mimi sikusema karibu. Mama Safari akaweka kibuyu, akasema ameshakula, akatoka. Mvua ilikuwa imetukimbia mwaka ule; unga wake wa mwisho ulikuwa ndani ya kibuyu kile, umepikwa jana yake, na tangu hapo moshi haukuonekana jikoni kwake.

Nikampelekea baba kipande mdomoni. Akafumba midomo.

"Umemkaribisha?"

"Baba, ni kidogo. Hii ni dawa yako."

"Nimeishi kwa uji wa yule mama, nawe unamfungia mlango. Itapitaje kooni?"

"Usipokula utakufa, baba."

"Nitakufa hata nikila. Ila sitaki kufa mchoyo. Weka maji sufuriani."

Wazee husema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi nilikuwa na nyama, moyo sikuwa nao. Nililia huku nikiikatakata ile steki, nikaitia maji mengi na viazi, kisha nikaenda mwenyewe kumwita. Nilimkuta na wanawe wameketi kando ya mafiga yaliyopoa.

Alipochungulia sufuria akasema, "Haya, sasa ng'ombe amekufa kweli."

Baba alisubiri mpaka watoto wale walipoonja. Ndipo akanywa mchuzi, vijiko vichache. Hakupona. Tulimzika kabla ngano haijakomaa, na aliyenishika mkono kaburini alikuwa Mama Safari.

Kaanga steki, mwanangu, sikukatazi. Mnazo bucha nzuri na majiko ya gesi. Lakini usidhani unampenda mzazi wako huku unamnyima yule anayemtunza ukiwa mbali. Mwite kwanza, ndipo uwashe moto. Na kama kipande ni kidogo, ongeza maji.

Kikaango kile ninacho bado. Jana nilikitoa nikakaanga nyama, mlango nimeuacha wazi, na ng'ambo ya ua hakuna aliyebisha. Nyama iliachia chuma yenyewe. Mimi bado sijaiachia siku ile.

Mungu akupe chakula, mwanangu, na akuachie mtu wa kumwita kabla hakijapoa.