Viungo vya Upande wa Ziwa

Mashine ya mama ilikuwa inalia kama dagaa wanaokaangwa. Ukisimama nje ya karakana yetu pale Mabatini, macho umeyafumba ili mwanga usikuumize, ungeapa kwamba ndani kuna mtu ameteleka karai la mafuta na anatia dagaa kiganja baada ya kiganja. Mlio ukienda sawasawa bila kukatika, mama alijua kazi inakubali. Ukianza kurukaruka kama bisi, alisimama, akafunua uso na kuchunguza kilichoharibika. Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa dereva wa lori na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo fundi wa nyumba yetu alikuwa mama, aliyejifunza kuchomelea kwa mjomba wake huko Misungwi kabla hajaolewa. Nguo zake zilinuka moshi, chuma na sabuni ya mche, na mpaka leo nikipita penye karakana yoyote natafuta ile harufu ya tatu, siipati.

Kiangazi kile mama aliviacha vijiti vya kuchomelea, akauza mashine yake ya zamani na kununua mpya. Kijiti kimevikwa ganda la unga mkavu. Moto ukiliunguza, ganda hutoa moshi unaokifunika chuma kilichoyeyuka, kisha huacha gamba ambalo fundi hulibandua kwa nyundo. Mashine mpya haikuwa na vijiti wala gamba. Ndani yake ulizungushwa waya mwembamba mfano wa uzi. Ukibonyeza kitufe cha mshikio wake, ambao mafundi huuita bunduki, waya unatoka wenyewe, umeme unauyeyusha, na gesi kutoka mtungini inapuliza kuuzunguka, ili hewa isikiguse chuma kabla hakijaganda. Mama alinifundisha hayo kama wenzangu walivyofundishwa kupika ugali. Kwanza sugua chuma king'ae, ndipo ubane ule waya mnene unaorudisha umeme. Acha waya wa kuyeyuka utokeze kiasi cha ncha ya kidole. Mkono uwe na mwendo mmoja, usikimbie wala usisinzie. Jirani yetu Fundi Shija, rika la mama, ambaye alichomelea kwa vijiti tangu ujana wake, aliitazama mashine ile akiwa amejishika kiuno.

"Mama Doto, hiyo ni cherehani," alisema. "Lini utanishonea suruali ya bati?"

"Leta vipimo kwanza. Kiuno chako siku hizi hakionekani."

Watu wakacheka, na Shija akacheka nao, lakini alipokuwa anaondoka akageuza shingo na kutupa neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Mama akarudi kwenye mashine yake. Alikuwa ameingoja mashine ile miaka mingi, na sidhani kama kuna kitu alichokitaka zaidi ya kuonekana mbele ya mafundi wa mtaa kwamba hakukosea.

Kazi kubwa ya kwanza ilitoka kwa baba mdogo Mabula, mdogo wake baba. Alikuwa amechoka kurudi na nyavu tupu, akaamua kufuga sato ndani ya ziwa, katika kizimba: fremu ya mabomba ya chuma inayoelea juu ya mapipa, na wavu mkubwa umening'inia chini yake. Vifaranga wa samaki wangeletwa Jumamosi asubuhi, nao wakishafika hakuna pa kuwarudisha. Kiungo kimoja kikiachia majini, wavu unafunguka, na sato wote wanakwenda zao. Kwa kuwa fremu isingepita katika vichochoro vyetu vya mawe, tuliipeleka mashine ufukweni pamoja na jenereta, mimi nikiwa likizo, kazi yangu kubeba maji ya kunywa na kuuliza maswali. Upande wa nchi kavu ulisimama mwamba mrefu kuliko nyumba; upande wa pili ulikuwa ziwa tupu. Asubuhi mlio ulikuwa mtamu. Ilipofika mchana ukaanza kurukaruka. Mama akabadili sehemu ya kubania waya, akaongeza gesi, akasema labda jenereta halina nguvu, akaendelea. Alhamisi jioni aliyasaga mashono ya viungo yakawa laini, na baba mdogo akapaka rangi ya buluu, akiimba.

Ijumaa asubuhi mama alirudi pale kabla ya chai. Mlio ule ulikuwa umemnyima usingizi. Alichukua gurudumu la kukatia, akakikata kiungo kimoja cha upande wa ziwa. Ndani kulikuwa na matundu, mengi, kama ya kitumbua. Akakata kingine cha upande wa mwamba: chuma kizima, kimeshikana. Akalitazama ziwa, halafu mwamba, halafu tena ziwa. Upande wa ziwa, usiokingwa na mwamba, upepo wa mchana ulikuwa ukiipeperusha gesi kabla haijafanya kazi yake, na kadiri alivyoongeza gesi ndivyo upepo ulivyochukua zaidi. Karakanani hakuwahi kulijua hilo, maana kuta zilimsaidia bila kumwambia.

"Shemeji, rangi imekauka," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Nani atachungulia ndani ya chuma?"

"Maji."

"Vifaranga ni kesho."

"Najua, shemeji. Kata hapa."

Tulipomaliza kukata, upepo ulikuwa umerudi. Tulijaribu kukinga kwa turubai, likafura, likamburuta baba mdogo hatua tatu. Ndipo mama akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri, tukapanda hadi kwa Shija. Mficha uchi hazai, lakini njia ile niliiona ndefu. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikajificha nyuma ya mama nikisubiri kicheko.

"Shija, kazi yangu imeingia upepo," mama alisema. "Nahitaji vijiti vyako, na mkono wako."

"Viungo vingapi?"

"Vinane."

Shija aliinama, akavuta mashine yake kutoka chini ya meza. Hakucheka. Tulipofika nusu ya mteremko tu ndipo aliposema, "Na ile suruali yangu sasa ishonwe bure." Mama akamsukuma bega. Walifanya kazi mpaka jua likainama, Shija viungo vinne, mama vinne kwa vijiti vilevile. Upepo uliuchukua moshi wa juu, lakini gamba lilikaa mahali pake, limekilalia chuma kama kuku juu ya mayai. Jumamosi fremu iliingia majini ikiwa na rangi ya buluu upande mmoja tu, na vifaranga wakamiminwa ndoo baada ya ndoo, weusi, wadogo kama mbegu za tikiti.

Siku hizi vizimba vingi ninavyoviona pwani ile ni vya mabomba ya plastiki, na vijana wanajifunza kuchomelea kwa kutazama simu. Mama ana mashine za aina zote mbili. Mteja akija, kabla hajaulizwa anataka nini, anaulizwa kazi itafanyiwa wapi. Shija alifariki mwaka juzi. Krismasi iliyopita tulikwenda kwa baba mdogo, tukaikuta fremu ile nyuma ya banda la mbuzi, imetupwa katika nyasi, mabomba yameliwa na kutu hadi unaweza kuyatoboa kwa kidole. Viungo vilikuwa vizima. Mama alichutama kwa taabu, magoti yakilia, akapitisha kidole gumba juu ya kiungo kimoja, polepole, kisha juu ya kinachofuata.

"Hiki changu," alisema. "Hiki cha Shija. Tazama alivyokuwa anajua."