Mmea wa binti yangu unaokula wadudu ulivyoliwa na wadudu, mama mkwe akimwaga maji

Wakuu, heshima kwenu. Hii haina chumvi hata punje. Mkitaka kucheka chekeni, mtaa wetu hapa Kicukiro umeshanicheka na nimezoea.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko karibu na Sonatubes. Kuna mteja wa Kimihurura niliyemshonea mapazia. Alipohama nchi akagawa mimea yake, mmoja akampa binti yangu Zaituni.

Ni ule unaoitwa Venus flytrap. Majani yake yana vinywa vyenye meno. Nzi akitua, kinywa kinafumba, habari yake imekwisha.

Zaituni aliupenda kuliko alivyotupenda sisi wazazi. Alipokwenda bweni aliniachia masharti kama ya mganga. Maji ya mvua tu, ya bomba hapana. Sabuni marufuku. Na sahani iliyo chini ya kopo isikauke hata siku moja. Nikaahidi, na ahadi ni deni.

Sasa kasheshe.

Mama mkwe wangu, ambaye tunamwita Mabukwe, anaishi nasi. Akiona maji kwenye sahani, anamwaga. Nikijaza, anamwaga.

"Maji imetulia ndani ya nyumba ni ya nini? Ni kufuga imibu," ananiambia, yaani mbu.

Wakuu, kwetu mama mkwe hajibizwi. Huwezi kumwambia "acha". Nikamtuma mke wangu, akasema, "Mimi siingii hapo, mtajuana." Basi jioni nikirudi najaza, asubuhi yeye anamwaga, na hakuna anayesema neno.

Haukupita muda, majani mapya yakaanza kutoka yamejikunja kama kola iliyokatwa vibaya. Sisimizi wakawa wanapanda na kushuka. Nikafurahi, nikasema chakula kimejileta chenyewe.

Kumbe wapi.

Nilipogeuza jani nikakuta vidukari, vile vijidudu vya kijani vinavyofyonza maharage shambani. Wamejazana, na magamba meupe waliyojivua yametapakaa. Sisimizi walikuwa wanawafuga ili walambe utamu wanaoutoa. Sahani ikiwa na maji, sisimizi hawavuki. Ikiwa kavu, ni barabara ya lami.

Na vile vinywa vimekaa wazi tu. Kidukari ni mdogo mno, anatembea humo ndani na kinywa hakishtuki. Mganga hajigangi.

Nikaenda duka la dawa za mimea. Muuzaji akacheka mpaka akaegemea kaunta. "Mzee, mmea inakula wadudu, halafu wewe unataka kuitetea kwa wadudu?"

Jirani akasema niumwagie majivu na sabuni. Kila mtu daktari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mmea wenyewe. Nilichoka, wakuu. Nilichoka kweli, na kichwani nasikia tu sauti ya mtoto akinikumbusha sahani.

Ikafika Jumapili ya kutembelea wanafunzi. Tukaenda mimi na Mabukwe. Zaituni hata chakula hajafungua.

"Papa, iko hai?"

Nikamweleza. Hakulia. Akasema nichukue ndoo ya maji ya mvua, niuzamishe mmea wote na kopo lake kwa siku mbili hivi. Vidukari watakufa maji, mmea wenyewe utavumilia kwa sababu kwao ni kinamasi. Halafu akaniangalia.

"Lakini sahani ilikuwa na maji?"

Ningesema nini, na mama mkwe amekaa pembeni?

"Ni mimi namwagaga," Mabukwe akasema. "Wajomba zako wawili, malariya iliwakula kule Bujumbura. Walikuwa wadogo kukupita. Nikiona maji imetulia, mikono inajiendea yenyewe."

Miaka yote niliyoishi na binti yake sikuwahi kulisikia hilo. Zaituni akamshika mkono. Hasira zangu zikakosa pa kukaa, na hilo nalo likaniudhi.

Tuliporudi nikauzamisha mmea. Mabukwe akaleta chandarua cha zamani, nikamshonea kifuniko cha ile ndoo, akakifunga mwenyewe kwa kamba na kukagua kila upande. Vidukari wakaelea juu kama makapi. Nikakata majani yaliyooza, wiki iliyofuata nikarudia kwa waliosalia.

Sahani bado anaimwaga kila asubuhi. Ila sasa anaisugua na kuijaza maji mapya ya mvua hapo hapo. Mbu hapati muda wa kuzaa, mmea haukauki. Jambo rahisi namna hiyo, na tulikaribia kuua mmea wa mtoto kwa kuheshimiana.

Funzo ni kwamba sisimizi wakipanda mmea wako usishangilie, geuza majani uangalie chini. Na mtu akifanya jambo linalokukera kila siku, muulize kwa nini, hata kama ni mama mkwe.

Vinywa vipya vimetoka vimenyooka. Juzi kimoja kikafumba, Mabukwe akainama akakichungulia sana.

"Ni nzi tu," akasema, akajaza sahani. "Mimi nangoja umubu."

Mwenye kujua namna ya kuufundisha mmea kukamata mbu aandike hapa chini. Siulizi kwa ajili yangu.