Nakala Ambazo Shangazi Hakuzitaka

Nilikuwa nahariri kwenye kompyuta wimbo uliorekodiwa na kwaya ya kanisa letu pale Ndhiwa, na shangazi yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikaa kando yangu akinisimamia. Nilipokata mahali sauti yake ilipokwaruza, aliona programu imejihifadhia nakala ya wimbo kabla ya kukatwa.

"Na hiyo ni ya kunianika kwa nani?" akauliza.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaizuia isitunze nakala tena, kisha nikaifuta ile iliyokuwepo. Shangazi akachungulia mlangoni, akanisogelea.

"Nyathina, mwanangu, kama sasa hakuna kinachorudi, hebu punguza na sauti ya wifi yangu anayeimba kando yangu."

Nikapunguza, kidogo tu.

Jumapili wifi yake aliusikiliza wimbo, akamkumbatia shangazi. "Leo sauti zetu zimepatana!"

Shangazi akakohoa. Mimi nikainama kufunga viatu.